Lini Bao ni Bao, na Nani Ameotea?

Hotuba kwa makocha, manahodha, wazazi na mashabiki wa timu za mashinani kabla ya mashindano ya kandanda ya wadi



Mechi za mashinani hazivunjiki sana kwa sababu ya rafu. Mchezaji akipigwa kiatu cha goti, kila mtu ameona. Refa anapuliza, aliyeumia anamwagiwa maji, mchezo unaendelea. Kinachovunja mechi ni maswali mawili: je, mpira uliingia au haukuingia? Je, mshambuliaji alikuwa ameotea au la? Hapo ndipo shabiki wa kwanza huingia uwanjani, hapo ndipo jiwe hurushwa, na hapo ndipo kijana aliyekubali kupuliza filimbi kwa nauli tu hutafuta bodaboda ya kumtoa. Akifika kwao salama, wiki inayofuata hashiki filimbi. Wadi inabaki na timu tele na hakuna wa kuzichezesha.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi wanaomkimbiza refa hawaijui sheria wanayodai ameivunja. Wanajua kile walichokisikia kwa mtangazaji wa redio, au kile ambacho kaka mkubwa alisema mwaka jana. Kwa hivyo hotuba hii ni ya mambo hayo mawili pekee. Kadi, wachezaji wa akiba na muda wa nyongeza vitasubiri siku yake.

Tuanze na bao. Sheria inasema bao limepatikana pale mpira wote unapovuka mstari wote wa goli, kati ya milingoti miwili na chini ya mwamba, ikiwa timu inayofunga haijafanya kosa. Neno la kushika ni "wote". Mstari wenyewe ni sehemu ya uwanja. Mpira ulio juu ya mstari bado uko ndani ya mchezo. Mpira wa kawaida una upana wa takriban sentimita 22, na mstari wa goli unaweza kuwa na upana wa hadi sentimita 12. Sasa fikirini. Mpira hugusa ardhi kwa kitovu chake tu, pale chini katikati. Kitovu hicho kinaweza kuwa kimeshavuka mstari, nyasi zikaonekana kabisa kati ya chokaa na mahali mpira ulipogusa, na bado lisiwe bao, kwa sababu tumbo la mpira upande wa uwanjani linaning'inia juu ya mstari. Mpaka kitovu hicho kiwe karibu sentimita 11 nyuma ya ukingo wa ndani wa mstari, hakuna bao.

Ni nani anayeweza kuona sentimita hizo? Ni mtu aliyesimama sambamba na mstari, pale kwenye kona. Aliye nyuma ya goli haoni. Aliye katikati ya uwanja haoni kabisa, hata akiapa kwa jina la babu yake. Refa mwenyewe, akiwa mita 20 nyuma ya mchezo, huenda asione, na ndiyo maana asipokuwa na uhakika hapaswi kutoa bao.

Wala hili si tatizo la viwanja vya vumbi pekee. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 huko Wembley, Uingereza na Ujerumani Magharibi zikiwa 2-2 katika muda wa ziada, Geoff Hurst alipiga mpira ukagonga mwamba, ukadunda chini karibu na mstari na kurudi uwanjani. Refa Gottfried Dienst hakuwa na uhakika. Akaenda kumuuliza mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov, naye akasema ni bao. Uingereza ikashinda 4-2 na Wajerumani wanalalamika hadi leo. Halafu tarehe 27 Juni 2010, huko Bloemfontein, Afrika Kusini, deni likalipwa kwa njia ya ajabu: Frank Lampard wa Uingereza alipiga mpira ukagonga mwamba na kudunda ndani kabisa ya goli la Ujerumani, ukatoka tena, na refa akaendelea na mchezo. Dunia nzima iliona kwenye televisheni. Ujerumani ilikuwa ikiongoza 2-1, na mwishowe ikashinda 4-1. Kuanzia Kombe la Dunia la 2014 mitambo ya mstari wa goli ndiyo inayomwambia refa kupitia saa yake ya mkononi kama mpira umevuka.

Wadi haina mitambo hiyo, na si lazima iwe nayo. Ina tatizo jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni wavu. Goli la kawaida lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 kwenda juu. Shuti kali likipita karibu na mlingoti katika goli lisilo na wavu, mpira unaishia kwenye mahindi ya jirani, na nusu ya uwanja inasema umepita ndani, nusu nyingine inasema umepita nje. Hakuna ushahidi. Sheria hailazimishi wavu, lakini wavu mkuukuu wa samaki ukifungwa vizuri nyuma ya milingoti huzuia vurugu kuliko askari watano. Na kama mwamba umebadilishwa na kamba, jueni kwamba kamba hulegea. Mpira uliopita kwa juu dakika ya kumi utaonekana umepita chini dakika ya themanini. Tafuteni mti ulionyooka. Milingoti nayo ikazwe ardhini barabara, maana goli linaloanguka limeshaumiza na hata kuua watoto katika nchi nyingi.

Kuna mabao yanayoingia wavuni na bado si mabao, na haya ndiyo huwasha moto kwa sababu kila mtu ameona mpira ukitikisa wavu. Mpira wa kurusha ukienda moja kwa moja hadi golini kwa wapinzani bila kuguswa na yeyote, si bao, ni golikiki. Frikiki isiyo ya moja kwa moja, ile ambayo refa ameinua mkono juu, ni vivyo hivyo: lazima mpira uguswe na mchezaji wa pili kabla ya kuingia. Ndiyo maana kipa mjanja huuachia mpira kama huo uingie bila kuugusa. Akiugusa kwa ncha ya kidole na ukaingia, ni bao. Mashabiki humzomea kipa aliyesimama tu akiutazama mpira ukipita, kumbe ndiye pekee uwanjani aliyesoma sheria.

Kona ni tofauti. Mpira wa kona ukipinda na kuingia moja kwa moja kwa wapinzani, ni bao halali. Mpira wa kuanza mechi pia, na hata golikiki ikisukumwa na upepo mkali hadi upande wa pili. Lakini kipa akiurusha mpira kwa mkono ukaingia moja kwa moja kwa wapinzani, si bao. Na timu haiwezi kujifunga moja kwa moja kwa frikiki yake yenyewe: beki akimrudishia kipa frikiki, kipa akateleza na mpira ukaingia bila kuguswa, wapinzani wanapewa kona tu. Hilo limeshawahi kuleta ngumi mahali pengi, kwa sababu linaonekana kama dhuluma. Ni sheria.

Mpira ukimgonga refa na kuingia golini, mchezo unasimama na refa anaudondosha upya. Mshambuliaji mpira ukimgonga mkononi, hata kwa bahati mbaya, na ukaingia moja kwa moja, au yeye mwenyewe akafunga papo hapo baada ya hapo, bao linafutwa. Ukimgonga mkononi mwenzake kwa bahati mbaya, kisha mwingine akafunga, bao linasimama. Na refa mwenye haraka, akipuliza filimbi ya bao kabla mpira haujavuka wote, amejiharibia mwenyewe: mchezo umeshasimama, hakuna bao tena, anaanza kwa kuudondosha mpira. Refa wachanga wafundishwe kunyamaza nusu sekunde.

Jambo moja dogo kuhusu matuta. Penalti za kuamua mshindi hazihesabiwi kuwa mabao ya mechi. Harambee Stars ilipotolewa na Madagascar katika robo fainali ya CHAN mwezi Agosti 2025 kule Kasarani, mechi iliandikwa 1-1. Matuta yalitumika kuamua nani aendelee. Kwa hivyo mfungaji wa tuta la mwisho haongezewi bao katika orodha ya wafungaji bora wa mashindano ya wadi, hata kama ndiye aliyebebwa mabegani.

Sasa kuotea, ambako ndiko penye kazi.

Sheria hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za kwanza za chama cha soka cha Uingereza mwaka 1863 zilimkataza mchezaji yeyote kuwa mbele ya mpira. Mwaka 1866 ikaruhusiwa kuwa mbele, ikiwa kuna wapinzani wasiopungua watatu kati yake na goli. Mabeki wakajifunza hila: mmoja anapanda mbele, mshambuliaji anabaki ameotea, filimbi inalia. Bill McCracken wa Newcastle United alisifika sana kwa mtego huo. Mechi zikawa za kuchosha, na mwaka 1925 idadi ikapunguzwa kutoka wapinzani watatu hadi wawili. Msimu uliofuata mabao katika ligi ya Uingereza yalipanda kutoka 4,700 hadi 6,373, kwa idadi ileile ya mechi. Neno moja kwenye karatasi lilileta mabao zaidi ya elfu moja na mia sita. Mwaka 1990 ikaongezwa kwamba mshambuliaji aliye sawa na beki hajaotea.

Leo sheria inasimama hivi. Mchezaji yuko katika nafasi ya kuotea ikiwa sehemu yoyote ya kichwa, mwili au miguu yake iko katika nusu ya wapinzani, tena iko karibu zaidi na mstari wa goli la wapinzani kuliko mpira, na pia kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi, ya mshambuliaji wala ya beki, hata ya kipa. Mkono ulionyooshwa kuomba pasi haumfanyi mtu kuwa ameotea, kwa sababu hawezi kufunga nao. Aliye nyuma ya mpira hawezi kuotea hata akiwa mbele ya mabeki wote. Aliye katika nusu yake mwenyewe hawezi kuotea.

Hapo kwenye "mpinzani wa pili kutoka mwisho" ndipo wengi hujikwaa. Watu hudhani sheria inazungumzia beki wa mwisho. Kwa kawaida kipa ndiye wa mwisho na beki ndiye wa pili, kwa hivyo makosa hayaonekani. Lakini kipa hana cheo maalum katika sheria hii. Yeye ni mpinzani kama wengine. Mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la 2022, Qatar na Ecuador, ilitoa somo mapema mno. Dakika ya tatu Enner Valencia alifunga kwa kichwa, Waecuador wakashangilia, kisha bao likafutwa. Mashabiki wengi duniani walipiga kelele kwamba wameibiwa, kwa sababu kulikuwa na beki wa Qatar karibu na goli. Kumbe kipa wa Qatar alikuwa ametoka kuufuata mpira. Nyuma alibaki beki mmoja tu, na mguu wa Michael Estrada wa Ecuador ulikuwa umempita mpinzani wa pili kutoka mwisho mpira ulipoguswa. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kipa akitoka, hesabu upya.

Jambo la pili ni wakati. Kuotea hupimwa pale mwenzake anapougusa au kuupiga mpira, si pale mshambuliaji anapoupokea. Kijana mwenye mbio anaweza kuanza akiwa sawa na beki, na mpira unapomfikia yuko mita tano mbele peke yake na kipa. Uwanja mzima unapiga kelele kwamba ameotea. Hajaotea, ana mbio tu. Na kinyume chake pia ni kweli: aliyekuwa mbele mpira ulipopigwa hasamehewi kwa kurudi nyuma kuupokea. Hata akirudi hadi nusu yake mwenyewe akaugusa huko, ni kosa, na frikiki isiyo ya moja kwa moja inapigwa pale alipougusa. Refa anapoweka mpira katika nusu hiyo, tafadhalini msimcheke.

Kuna mipira mitatu ambayo mtu hawezi kuotea akiipokea moja kwa moja: mpira wa kurusha, kona na golikiki. Frikiki haimo. Timu nyingi za mashinani hudhani imo, na hupeleka watu wanne kusimama mbele ya kipa.

Kisha lipo lile ambalo lafaa kurudiwa katika kila mazoezi: kuwa katika nafasi ya kuotea si kosa. Kosa ni kuingilia mchezo ukiwa hapo. Winga anayefunga kamba za viatu upande wa kulia, mbele ya mabeki wote, wakati mwenzake anafunga upande wa kushoto, hajamkosea mtu, na bao ni halali. Lakini akisimama mbele ya kipa akamziba asiuone mpira, ameingilia, hata kama hakuugusa. Vilevile akimsukuma au kumzuia beki anayeukimbilia mpira, au akijaribu waziwazi kuucheza mpira ulio karibu naye na hilo likamwathiri mpinzani. Ndiyo sababu mshika kibendera mzuri huchelewa kuinua. Anasubiri aone nani ataucheza. Shabiki humwona kama mtu aliyelala.

Mpira unaorudi kutoka mlingoti, au uliopanguliwa na kipa, haumsafishi aliyeotea. Aliyekuwa mbele shuti lilipopigwa, kisha akaumalizia mpira uliotemwa na kipa, ameotea. Lakini beki akiucheza mpira kwa makusudi, akiwa na uwezo wa kuumiliki, kuupitisha au kuuondosha, kisha akampa mshambuliaji kwa makosa yake mwenyewe, hakuna kuotea. Kupangua mpira unaoelekea golini hakuhesabiwi hapa. Hapa refa hutumia akili yake, na wawili wenye akili wanaweza kutofautiana.

Ipo pia hila ya beki anayetoka nje ya mstari wa goli kwa makusudi ili mshambuliaji aonekane ameotea. Haifanyi kazi. Akitoka bila ruhusa ya refa, huhesabiwa kana kwamba amesimama juu ya mstari wake wa goli hadi mchezo usimame, au timu yake iucheze mpira kuelekea katikati na kuutoa nje ya eneo la penalti.

Njia rahisi ya kufundisha yote haya haihitaji ubao. Kocha achukue vizibo vya soda, rangi mbili, na tembe moja ya mahindi iwe mpira. Apange juu ya meza, asukume mahindi, kisha apige makofi pale mpira unapopigwa, na kila mchezaji aseme kabla ya kizibo kusogezwa. Dakika ishirini kwa juma zinatosha. Wazazi nao wakae pale.

Sasa, refa akikosea? Atakosea. Siku ileile ya bao la Lampard, huko Johannesburg, Carlos Tévez wa Argentina aliifunga Mexico akiwa ameotea waziwazi. Picha ikaonyeshwa kwenye skrini kubwa ya uwanja, wachezaji wa Mexico wakamwonyesha refa, naye akazungumza na msaidizi wake. Bao likabaki, kwa sababu wakati huo sheria haikumruhusu kutumia picha. Kombe la Dunia lilianza kutumia marefa wa video mwaka 2018. Mashindano ya wadi hayana mfumo huo, na video ya simu ya shabiki haiwezi kuchukua nafasi yake, hata ikiwa safi kiasi gani.

Refa anaweza kubadilisha uamuzi wake akigundua amekosea, au akielezwa na msaidizi wake, lakini kabla tu mchezo haujaanza tena. Mpira ukishachezwa katikati ya uwanja, bao limesimama. Kwa hivyo muda wa nahodha ni sekunde chache. Nahodha hana mamlaka ya kumpinga refa, lakini sheria inampa wajibu juu ya mwenendo wa timu yake. Aende peke yake, aseme jambo moja la sheria: "Refa, mpira ulirushwa, haukuguswa." Refa atamsikia. Wakija kumi na mmoja wakipiga kelele, na nyuma yao mashabiki, hata refa aliyetaka kubadilisha hawezi tena, maana itaonekana ameogopa.

Baada ya filimbi ya mwisho, uamuzi kuhusu kama bao lilipatikana au la, na matokeo ya mechi, ni wa mwisho. Timu yenye malalamiko iyaandike na kuyapeleka kwa kamati ya mashindano.

Kwa hivyo kabla ya mechi ya kwanza, manahodha wawili wazunguke uwanja pamoja na refa, nusu saa kabla ya kuanza. Waangalie mistari ya goli imechorwa upya kwa chokaa na imenyooka. Wavute wavu waone kama una tundu. Wakubaliane nani atashika vibendera, na kama washika vibendera hao ni wa timu, basi wataonyesha tu mpira umetoka nje, na kuotea kutabaki kwa refa peke yake. Kisha washikane mikono pale mbele ya mashabiki, na vijana waingie uwanjani.